Mrija wa Kwanza

Phelista Nabwile hutoboa magunia. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja kwenye lango la kinu kimoja cha unga mjini Kitale, na madereva wa malori humwogopa kuliko wanavyowaogopa askari wa barabarani. Chombo chake ni bambo: chuma chembamba chenye ncha na mfereji katikati. Ukilichoma gunia ubavuni, punje huteremka kwenye mfereji huo mpaka kiganjani. Kila gunia huchomwa mara moja. Lori likipita kwenye mikono ya Phelista linapakuliwa. Lisipopita, dereva hugeuza huku akitukana.

Alifika Kitale akiwa msichana kutoka upande wa Sirisia, kwenye barabara inayokwenda Lwakhakha mpakani. Alilala Kipsongo kwa rafiki yake, chumba kimoja watu watano, na akaanza kazi ya kufagia sakafu ya kinu. Siku moja Pallavi, mkaza mwana wa mwenye kinu na msimamizi wa chumba cha vipimo, alimwona akiuma punje ya mahindi na kusema, "Hii ina maji asilimia kumi na sita." Mashine ya kupima unyevu ikasema kumi na tano na nusu. Kesho yake akapewa bambo.

Lakini meno hujua maji tu. Hayaijui sumukuvu, ile ambayo redio huiita aflatoksini. Kuvu yenyewe unaweza kuiona, ya kijani kibichi, ukaipepeta ikaruka. Sumu yake inabaki ndani ya punje, haina rangi wala harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo mahindi ya kila lori husagwa kidogo, yakachanganywa na dawa, na kikaratasi chenye mistari kikachovywa. Wapakuzi hukiita kipimo cha mimba.

"Fely, imeshika?" huuliza kutoka juu ya lori.

"Imeshika mapacha. Shukeni."

Mpaka uliowekwa na sheria ni sehemu kumi za sumu kwa kila bilioni. Mahindi yakizidi hapo, Phelista huchora msalaba mwekundu kwenye gunia na kuandika namba kando yake. Magunia hayo hukusanywa nyuma ya ghala karibu na ua, na kwenye kitabu huandikwa "ya mifugo". Jumamosi madalali huja kuyachukua. Hakuna anayeuliza ni mifugo ipi.

Phelista aliwahi kuuliza. Pallavi alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo. "Unga unaotoka hapa ndani ni safi, Phelista. Watoto wangu wanaula. Nje ya lango mimi si polisi." Hakuwa akisema uongo. Katika miaka hiyo yote hakuna hata pakiti moja ya kinu hicho iliyopatikana na kosa.

Mwaka jana baba yake Phelista, Mzee Khaemba, alifariki. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano, na daktari wa Bungoma akasema ni ini. Kijijini walisema vingine. Walisema mzee aliwekewa kitu kwenye chungu cha busaa, pombe ya nafaka, na wakamtazama Nekesa, mke wa Wepukhulu, mdogo wake Phelista na mwana wa kiume wa pekee wa mzee. Nekesa ndiye aliyekuwa akimpikia pombe, na alizaliwa ng'ambo ya Lwakhakha, Uganda, ambako hakuna mtu kijijini aliyemjua mama yake. Hakuna aliyemshtaki mbele ya chifu. Waliacha tu kunywa maji nyumbani kwake.

Mwaka ulipotimia ikabidi wafanye ukumbusho. Kwa Wabukusu, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki, na ukoki haufi mmoja anapokufa. Bakoki wa Khaemba waliobaki walikuwa saba. Walipaswa kuja kuketi kukizunguka chungu kimoja katika boma la mwenzao, kila mtu na mrija wake mrefu, na kunywa mpaka kikauke. Lakini kabla yao, mzaliwa wa kwanza wa boma huvuta mrija wa kwanza mbele ya watu wote na kumeza, ili ijulikane kwamba chungu hakina ubaya. Mzaliwa wa kwanza wa Khaemba ni Phelista.

"Ni wewe," Wepukhulu alimwambia kwenye simu. "Ukivuta, maneno ya Nekesa inaisha siku hiyo hiyo. Wewe ni wa vipimo. Watu wanakuamini."

Phelista aliahidi kuvuta, na kuleta nafaka pia. Alimpigia Derrick, dalali wa Kachibora ambaye hufika langoni kila wiki, amtafutie magunia mawili ya mahindi ya busaa na kuyapeleka Sirisia pamoja na mzigo wake. Ilikuwa wiki ya mavuno, malori yamepanga foleni hadi barabarani. Derrick alimpungia mkono akiwa juu ya lori lake: "Mzigo imeenda, mathe!" Mwanamke aliyetoboa maelfu ya magunia ya watu hakuyatoboa mawili ya kwake.

Jumamosi ya ukumbusho alifika bomani saa tatu asubuhi. Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vya kanisa vimeletwa, na chungu kimekaa katikati kimefunikwa kwa majani ya mgomba. Alipita nyuma kumsalimia wifi yake jikoni. Nekesa alikuwa ametandaza kimea kilichobaki juu ya gunia tupu ili kikauke. Upepo ukainua pembe ya gunia.

Phelista akaona wekundu.

Alimwaga kimea chini, akaligeuza gunia. Lilikuwa limepinduliwa, ndani nje. Upande uliofichwa ulikuwa na msalaba wake, na kando ya msalaba mwandiko wake mwenyewe: 340.

"Senge, unamwaga kimea yangu?" Nekesa alisema. Alimwita shangazi, kama watoto wake walivyomwita.

"Hii gunia ilikuja hivi? Imegeuzwa?"

"Ilikuja hivyo."

"Na mahindi ilikuwa aje?"

"Ilikuwa na kijani kidogo. Nikapepeta." Nekesa alimtazama usoni, akaanza kuongea haraka. "Lakini senge, si unga ya busaa lazima ioze? Nilivundika siku sita ikashika ukungu vizuri. Nikakaanga kwa karai mpaka ikawa nyekundu. Moto inaua kila kitu."

Hapo ndipo penye kosa ambalo ni vigumu kumlaumu mtu kwa ajili yake. Kuanzia Mbale hadi Tarime, na mbali zaidi kusini, watu wa pombe ya nafaka huanza kazi kwa kuozesha. Unga huvundikwa ukachacha, ukafanya ukungu juu, na mpishi akafurahi kwamba umeiva. Mtu aliyezoea kuvu anayoipika mwenyewe ataiogopaje iliyokuja na gunia?

Phelista alitoka hadi nyuma ya choo, akampigia Derrick.

"Mathe! Sherehe imeanza?"

"Derrick, ulinipa mahindi yangu. Yenye nilikataa."

"Si ulisema ni ya busaa? Busaa haitaki gredi wani, bana. Kila mtu huku anapikia hiyo."

"Na mbona uligeuza gunia?"

"Ndio isikuchome roho," Derrick alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetania.

Akampigia Pallavi. Alimweleza kwa ufupi: wazee saba, chungu kimoja, mia tatu na arobaini. Mtu akinywa mara moja, inakuwaje?

"Sijui," Pallavi alisema. "Kijana mzima, labda hakuna kitu. Mzee mwenye ini bovu, sijui. Usiwape. Lakini Phelista, hiyo haikutoka kwangu. Niliandika ya mifugo."

"Ilitoka kwa mlango yako ya nyuma," Phelista akasema, akakata simu. Hakuwa amewahi kumkatia Pallavi simu.

Wepukhulu alimkuta hapo hapo. Alikuwa amevaa koti la marehemu, mabega yakimzidi. Alisikiliza huku akitikisa kichwa tangu neno la kwanza.

"Unataka kumwaga pombe ya baba mbele ya bakoki wake?"

"Iko na sumu, Wepukhulu."

"Usiseme hiyo neno hapa!" Alimshika mkono. "Unajua wenye wamekaa pale mbele ni nani? Ni wale wale walisema bibi yangu aliua mzee. Wakisikia sumu, hawatasikia mahindi. Watasikia Nekesa. Ataondoka na watoto, na itakuwa ni wewe umemfukuza."

"Basi tuseme chungu imevunjika."

"Ivunjike siku ya ukumbusho? Hiyo ni laana kabisa, afadhali sumu." Akashusha sauti. "Sikiliza. Mrija ni mrefu. Weka mdomo, vuta shavu hivi, meza mate. Nani ataona? Wewe hutakunywa, na bibi yangu atakuwa salama."

"Na wazee?"

"Wazee wamekunywa kuoza miaka sitini."

Baadaye Phelista alisema kwamba katika saa ile hakuna neno lililomvuta kama lile: weka mdomo, meza mate. Lilikuwa jambo dogo. Na halikutofautiana sana na msalaba mwekundu na maneno "ya mifugo".

Saa sita wazee walifika, wakitembea kwa mstari, kila mmoja na mrija wake begani. Aliyewaongoza alikuwa Mukhwana, mrefu, jicho moja lina mtoto wa jicho. Alipomwona Phelista alicheka.

"Fely wa bambo! Leo umekuja kututoboa matumbo?"

"Karibu, kuka," akasema, akimwita babu kama watoto wa boma walivyomwita.

"Tumeambiwa utaonja. Vizuri. Wengine hapa," akageuza jicho lake zima kuelekea jikoni, "tungewaomba wanywe nusu ya chungu kwanza."

Watu walicheka. Nekesa alikuwa akija na birika la maji moto na alisikia kila neno. Alipiga magoti, akaondoa majani ya mgomba, akamimina maji. Mvuke ukapanda wenye harufu tamu na kali, harufu ya mkate uliochacha. Wazee wakasogeza viti. Chini ya hema palikuwa na watu wapatao sitini, wote wakitazama.

Mukhwana alimkabidhi Phelista mrija. Akautumbukiza. Akainama.

Kutoka pale alipoinama aliweza kuona miguu ya wazee ikiwa duara, viatu vya mpira, kandambili, kimoja kimefungwa kwa waya. Aliona na miguu ya Nekesa, vidole vimejikunja kwenye vumbi. Mrija ulikuwa umefika mdomoni. Povu lilisikika likipasuka.

Akainuka, akautoa mrija.

"Sitavuta," akasema.

Minong'ono ikalipuka. Mwanamke mmoja wa jirani, Mama Joan, alisema kwa sauti ya kutosha, "Tulisema. Si tulisema?" Birika lilimponyoka Nekesa mkononi.

"Mama Joan, ngoja." Sauti ya mtu anayeamrisha malori ilimjia Phelista. "Iko na sumu. Na imeingia kwa mkono yangu, si ya Nekesa. Mahindi ni mimi nilituma. Ni mahindi tulikataa kazini; mimi mwenyewe nilipima na nikaandika namba, hii hapa." Akalichukua gunia alilokuwa amelikunja kando ya nguzo, akalifunua. Msalaba ukaonekana na watu wote. "Kinu kilikataa kusaga. Dalali akauza. Mimi nikanunua bila kutoboa. Nekesa alipewa nafaka na wifi yake, akapika vile mama zenu walipika. Mwenye anataka mchawi, mchawi ni mimi."

"Ni sumu gani?" Mukhwana aliuliza. "Ya panya?"

"Ya kuvu, kuka."

"Kuvu!" Wazee wakaangua kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu. "Msichana, sisi tumelelewa na kuvu! Ugali ya njaa ilikuwa nyeusi na tukaila!"

"Mlitahiriwa wangapi ule msimu?"

"Thelathini na mmoja."

"Wangapi wamekufa tumbo imevimba, macho ni manjano?"

Kicheko kilipungua. Mzee mmoja alikunja kidole. Mwenzake akataja jina. Akakunja cha pili. Walibishana kuhusu mmoja aliyekufa Eldoret, kama lilikuwa tumbo au kifua. Kisha wakataja mwingine. Walipofika mkono wa pili waliacha kutaja majina kwa sauti, midomo tu ikicheza.

"Sisemi ni mahindi iliwaua," Phelista alisema. "Hakuna mtu alipima. Pombe iko na yake, ugonjwa pia iko. Nasema hii nimepima."

"Na Khaemba?" Mukhwana aliuliza. Hakuwa akicheka tena.

Hili hakuwa amelijibu hata usiku akiwa peke yake. Alipokuwa mfagiaji, kinu kiliwaruhusu wafanyakazi kubeba makombo ya sakafuni, mahindi na vumbi. Aliyatuma nyumbani kila mwisho wa mwezi, miaka mitatu, na baba alimsifu kwa majirani.

"Khaemba nilimlisha mimi makombo ya kinu," akasema. "Kama ni hiyo ilimuua, sijui. Lakini Nekesa alipika kile nilileta. Leo pia amepika kile nilileta."

Ndipo mdogo wa wale wazee, mwenye kofia ya sufu, aliposogeza kiti, akatumbukiza mrija wake chunguni. "Mimi niko na sabini na nane," akasema. "Kama inaua, ifanye haraka." Akavuta, mashavu yakaingia ndani.

Mukhwana aliinuka kwa kasi ambayo mtu hangeitarajia kwa umri wake, akaunyakua mrija ule kutoka kinywani mwa mwenzake, busaa ikamrukia kifuani. "Tumebaki saba!" akafoka. "Saba! Unataka nikunywe na nani mwaka ujao?"

Yule mwenye kofia alifuta kidevu. Akaangalia chini kama mtoto aliyegombezwa.

Chungu hakikumwagwa pale hemani. Mukhwana alisema kisipewe kuku wala nguruwe, kiende chooni. Wepukhulu alikataa kukigusa. Aliingia nyumbani akafunga mlango, na mpaka leo yeye na dada yake huongea kupitia watoto. Phelista na Nekesa walikibeba wenyewe, mmoja kila upande. Watu waliwapisha. Wengine walimpisha Nekesa mbali kidogo kuliko ilivyohitajika, na Phelista aliona kwamba maneno yake hayakuwa yamemaliza kila kitu.

Walipokwisha kumwaga, Nekesa alibaki ameshika ukuta wa choo.

"Senge."

"Imeisha, Nekesa."

"Haijaisha. Gunia zilikuwa mbili."

Mawazo yote ya Phelista yalikuwa kwenye chungu. "Ya pili iko wapi?"

"Busaa ilichukua moja. Ya pili nilisaga. Tunakula wiki ya pili sasa. Iliyobaki iko kwa pipa." Akauachia ukuta. "Na nilikopesha majirani. Unga yangu wamekataa tangu mazishi, lakini wiki iliyopita waliishiwa, wakasikia hii imetoka Kitale kwa Fely. Nilifurahi, senge. Nilipimia kila mtu bakuli mbili, nikaongeza."

"Nani?"

Nekesa alitaja nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Joan.

Walilifunga pipa, kisha wakashika njia ya katikati ya mahindi, Phelista mbele. Mara mbili alimwambia wifi yake arudi, kwamba ataongea peke yake; mara mbili Nekesa alitikisa kichwa. "Nilipima kwa mkono wangu," alisema. "Wakisikia kwa mwingine itakuwa nimejificha."

Mama Joan alikuwa ametoka hemani kabla ya wengine ili awahi chakula cha watoto. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye paa la jiko. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, akigeuza.

"Hodi," Phelista alisema.

Mama Joan aliwatazama wote wawili. "Mmekuja kuniambia nini tena?"

Phelista alifungua kinywa, lakini Nekesa alikuwa ameshapita mbele yake.

"Hiyo unga nilikupatia, mama. Ni ya gunia moja na ile pombe. Usiwape watoto. Nimekuja kuichukua, na hiyo ugali pia."

Mwiko ulisimama. Mama Joan aliangalia sufuria, akawaangalia watoto wanne waliokuwa wamekaa kwenye mkeka, mikono imeshanawa, kisha akamwangalia Nekesa usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima.

"Na nitawapea nini?" akauliza.

Nekesa alivua leso kiunoni, akaikunja mara mbili, akaipua sufuria kutoka motoni.